Kioo cha kukuzia: kinavyokuza vitu vidogo na namna ya kukitumia sawasawa

Mpe mtu kioo cha kukuzia, na mara nyingi utamwona akifanya jambo lile lile. Ananyoosha mkono, anakiweka kioo juu ya kitu kilicho mezani, kisha anarudisha kichwa nyuma apate kuona. Kitu kinakua kidogo, kingo zinapinda, eneo linaloonekana ni finyu, na muda si mrefu kioo kinarudi kwenye droo. Lenzi yenyewe ni nzima. Imewekwa tu mahali ambapo haiwezi kutoa hata nusu ya uwezo wake, kwa sababu aliyeishika hajawahi kuelezwa inafanya kazi gani.

Ukiielewa kazi hiyo, mengine yote yanafuata: namna ya kushika, mahali pa kuweka mwanga, lenzi ipi ununue na ipi uiache dukani. Ndiyo maana naanza na jicho kabla ya kioo. Utahitaji karatasi ngumu, pini, gazeti, chupa ya maji, beseni, rula na lenzi mbinuko yoyote, yaani ile iliyovimba katikati na nyembamba pembeni. Fuata majaribio kwa mpangilio wake, maana la kwanza ndilo linalolipa maana la pili.

Hatua ya kwanza: tafuta jicho lako linakwamia wapi

Fumba jicho moja, kisha lete gazeti usoni polepole. Herufi zinazidi kukua kadiri gazeti linavyokaribia, halafu panafika mahali zinaanza kuwa na ukungu. Simama hapo, na mtu akupimie kwa rula umbali kutoka jichoni hadi kwenye gazeti. Huo ndio ukomo wako wa karibu. Mtoto wa darasa la nne anaweza kufika sentimita 8 au hata 7. Mtu wa miaka arobaini hivi huwa karibu na sm 25, na mzee wa miaka sitini asiyevaa miwani anaweza kuhitaji karibu mita nzima. Hesabu za lenzi hutumia sm 25 kama ukomo wa jicho la kawaida, nasi tutaitumia hapa.

Kwa nini herufi zilikua? Nyuma kabisa ya jicho kuna retina, utando unaopokea taswira ya kila unachokitazama. Kitu cha upana wa milimita 1 kikiwa sm 25 kutoka jichoni, taswira yake kwenye retina ina upana wa takribani mm 0.07. Kikisogezwa hadi sm 5, taswira inafika karibu mm 0.34, yaani mara tano. Kitu chenyewe hakijabadilika hata chembe. Kilichobadilika ni sehemu ya retina kinayoifunika, na retina ikifunikwa sehemu kubwa zaidi, seli nyingi zaidi zinapeleka habari kwenye ubongo, nawe unaona undani ambao hukuuona mwanzo.

Basi ukitaka kukiona kitu kikubwa, kisogelee. Kinachokuzuia ni ukungu tu, na ukungu una sababu yake. Kila nukta ya kitu inatoa miale inayotawanyika pande zote. Kitu kikiwa mbali, miale michache inayoingia jichoni kutoka nukta moja inakuwa karibu sambamba, na jicho linaikusanya bila taabu hadi ikutane kwenye nukta moja ya retina. Kikiwa karibu mno, miale inaingia ikiwa bado imetawanyika sana. Konea (utando angavu ulio mbele ya jicho) na lenzi ya jicho, hata misuli ikijikaza vipi, haziwezi kuikusanya kwa wakati. Inafika kwenye retina ikiwa doa. Madoa ya nukta jirani yakipandana, herufi imepotea.

Hatua ya pili: kuza herufi bila lenzi yoyote

Jaribio hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, na sijui kwa nini halifanywi zaidi madarasani. Toboa karatasi ngumu kwa ncha ya pini, tundu dogo, lenye ukingo safi. Liweke karibu kabisa na jicho, karatasi ikikaribia kugusa kope. Sasa lete gazeti hadi sm 4 au 5, gazeti likiwa limepigwa na mwanga mkali wa mchana. (Mwanga upige gazeti, jua lenyewe usilitazame.) Herufi zitakuwa kubwa kupita kiasi na zitasomeka vizuri. Bila kusogeza gazeti, ondoa karatasi yenye tundu. Zote zinageuka ukungu mtupu.

Hapo hapakuwa na kioo. Hakuna kilichopinda miale kabla haijafika jichoni, na bado umeona herufi mara tano au sita zaidi ya kawaida. Tundu limeruhusu kijimwale chembamba tu kutoka kila nukta ya herufi, kwa hiyo doa kwenye retina limekuwa dogo mno kuweza kuharibu taswira. Ukubwa umeletwa na ukaribu. Tundu limeondoa ukungu.

Gharama yake umeiona: ni giza. Karibu mwanga wote umezuiwa na karatasi. Lenzi inaondoa ukungu ule ule kwa njia bora zaidi. Inapokea miale yote iliyotawanyika, inaipunguzia mtawanyiko, kisha inaikabidhi kwa jicho ikiwa katika hali ambayo jicho linaimudu. Hiyo ndiyo kazi yote ya kioo cha kukuzia: kukuwezesha kukisogelea kitu kuliko macho yako yanavyoruhusu, na bado ukakiona kikiwa wazi.

Hatua ya tatu: ona mpindo unavyofanya kazi

Mwanga husafiri hewani kwa kasi ya takribani kilomita 300,000 kwa sekunde. Ndani ya kioo cha kawaida kasi hiyo hushuka hadi kama 200,000, na ndani ya maji ni kama 225,000. Mwale ukiingia kioo kwa mshazari, upande wake mmoja unatangulia kupunguza kasi kuliko mwingine, na mwale wote unageuka mwelekeo. Ukiingia wima haupindi kabisa. Ndiyo sababu kioo bapa cha dirisha hakikuzi kitu: mwale unaopinda wakati wa kuingia unanyooshwa wakati wa kutoka. Lenzi iliyovimba ina mteremko. Katikati mteremko ni sifuri, na mwale unapita moja kwa moja. Kuelekea pembeni mteremko unaongezeka na mwale unapindwa zaidi kurudi ndani. Umbo ndilo linalogawa kiasi cha mpindo.

Thibitisha kwa chupa laini isiyo na mikunjo, ya kioo au ya plastiki. Ijaze maji pomoni, funga, ilaze juu ya gazeti ikifuata mstari wa maneno. Herufi zitarefuka kwenda juu, lakini upana wake utabaki ule ule. Chupa imevimba upande mmoja tu, na inakuza kuelekea upande huo peke yake. Igeuze ikatize mstari, na sasa herufi zinapanuka bila kurefuka. Mwaga maji, rudia kwa chupa tupu: karibu hakuna kinachotokea. Uvimbe bila kitu cha kupunguza kasi ya mwanga haukuzi, na maji yasiyo na umbo lililovimba hayakuzi.

Kisha tumbukiza lenzi yako kwenye beseni la maji na kutazama sarafu iliyo chini. Nguvu yake itaonekana kama imekufa. Tofauti ya kasi kati ya maji na kioo ni ndogo sana kuliko kati ya hewa na kioo, kwa hiyo mpindo unapungua hadi karibu robo. Maji ya beseni hayajaiharibu lenzi; ikaushe na itarudi kama ilivyokuwa.

Hatua ya nne: pima urefu wa fokasi

Kila lenzi mbinuko ina umbali wake ambao miale sambamba, ikipita, hukutana. Huo ndio urefu wa fokasi, na ni namba pekee unayohitaji kuijua ili uielewe lenzi yako.

Simama ndani ya chumba, upande wa ukutani, ukielekea dirisha lililo ng'ambo. Shika karatasi nyeupe nyuma ya lenzi, sogeza lenzi mbele na nyuma mpaka uone kwenye karatasi picha ndogo ya kile kilicho nje: mti, paa la jirani, kamba ya kuanikia nguo. Picha itakuwa juu chini na kushoto kulia, yenye rangi zake kamili. Lenga kitu cha mbali, si dirisha lenyewe. Picha ikiwa kali, pima umbali kati ya lenzi na karatasi.

Wengi hufundishwa kufanya hivi kwa jua. Inafanya kazi, lakini nukta ile ya moto huunguza karatasi na vidole, na mtoto atashawishika kuitazama. Mti wa mbali unatosha na hauna hatari yoyote.

Picha hiyo uliyoikamata kwenye karatasi huitwa taswira halisi: miale imekutana hapo kwelikweli. Unapotumia lenzi kukuza mambo hugeuka. Kitu unakiweka ndani ya urefu wa fokasi, au sawasawa kwenye fokasi, na miale ikitoka upande wako haikutani popote. Inatoka ikiwa imetawanyika kidogo tu, au ikiwa sambamba. Jicho likiifuata kurudi nyuma kwa mstari ulionyooka, linaona kama imetoka kwenye kitu kikubwa zaidi kilicho mbali zaidi. Kitu hicho hakipo. Ukiweka karatasi mahali unapodhani kipo, hutapata picha. Ni taswira isiyo halisi, na ndiyo maana imesimama wima.

Sogeza sasa lenzi mbali na gazeti hatua kwa hatua ukitazama. Herufi zitakua, zitavimba, zitachanganyika kuwa ukungu, kisha zitatokea tena zikiwa juu chini. Pale zilipochanganyika ndipo ulipovuka fokasi.

Hatua ya tano: piga hesabu kabla ya kununua

Gawanya 25 kwa urefu wa fokasi kwa sentimita. Lenzi ya sm 12.5 inakuza mara 2. Ya sm 5, mara 5. Ya sm 2.5, mara 10. Mantiki yake umeshaiona: lenzi ya sm 2.5 inakuruhusu kukisogelea kitu hadi sm 2.5 badala ya 25.

Baadhi ya watengenezaji huongeza moja kwenye jibu, wakihesabu kwamba mtumiaji ataikaza misuli ya jicho mpaka taswira ionekane sm 25 kutoka kwake. Ndiyo maana lenzi ya sm 12.5 huandikwa 3x kwenye pakiti. Hawajadanganya, ila kwa kazi ya muda mrefu ni bora kitu kikae kwenye fokasi na jicho lipumzike kama linatazama mlima wa mbali. Kwa lenzi zenye nguvu tofauti hiyo ya moja ni ndogo, haina haja ya kugombaniwa.

Nguvu ya lenzi huandikwa pia kwa dayopta: 100 gawanya kwa urefu wa fokasi wa sentimita. Hapo ndipo miwani ya kusomea inapoingia. Miwani ya +2.50 ina fokasi ya sm 40, na kwa kanuni yetu haikuzi kitu. Lakini mchukue babu ambaye ukomo wake wa karibu umefika mita moja. Akivaa +2.50 anaweza kusogeza gazeti hadi karibu sm 29, na herufi kwenye retina yake zinakuwa mara tatu na nusu ya alivyoziona awali. Kwa upande mwingine, mtu asiyeona mbali, mwenye miwani ya −10, akiivua anaona vizuri kitu kilicho sm 10 tu kutoka usoni. Jicho lake peke yake ni kioo cha kukuzia cha mara 2.5.

Sasa dukani. Utaona lenzi pana kama kisosi, yenye mpini, imeandikwa 10x. Usiamini. Ili lenzi ya kioo cha kawaida, yenye nyuso mbili sawa, iwe na fokasi ya sm 2.5, kila uso wake lazima uwe kipande cha tufe lenye kipenyo cha sm 5. Lenzi haiwezi kuwa pana kuliko tufe inamokatwa. Yenye upana wa sm 7.5 haiwezi kufika mara 10, na zile pana ukizipima kwa njia ya dirisha utakuta kwa kawaida zinakuza mara 2 au 3. Lenzi ya kweli ya 10x ni ndogo. Zile za masonara huwa na upana wa mm 18 hadi 21, na hufungwa ndani ya ganda la chuma. Nenda dukani na rula mfukoni, elekeza lenzi mlangoni kwenye mwanga wa barabarani, pima. Muuzaji mkweli hatakukataza.

Kwa mtu anayetaka lenzi moja tu ya kutembea nayo, ninamshauri 10x ndogo ya kukunja. Wafanyabiashara wa vito duniani hukagua mawe kwa kiwango hicho hicho, na ndicho utakachokikuta mikononi mwa wanunuzi wa tanzanite kule Mererani. Lenzi nzuri za aina hiyo zimeundwa kwa vipande vitatu vya kioo vilivyogandishwa pamoja ili kufuta rangi za pembeni na kunyoosha kingo. Ijaribu kwa kutazama mistari ya rula: ikiwa imepinda pembeni, au ina utepe wa buluu na mwekundu ukingoni, ni lenzi ya kipande kimoja na bei yake iwe hivyo. Kwa kusoma maandishi madogo ya dawa au Msahafu, chukua pana ya mara 2 au 3 wala usitafute nguvu zaidi.

Hatua ya sita: ishike inavyotakiwa

Lenzi ya 10x iende jichoni, na kitu kiende kwenye lenzi. Mpangilio huo usiubadilishe.

Ishike kwa kidole gumba na cha shahada, uilete hadi sm 2 au 3 kutoka jichoni, na kifundo cha mkono au kidole cha kati kiegemee shavuni. Mkono wa pili ushike jani, jiwe au kitambaa, nao uegemee mkono wa kwanza. Sasa kichwa, lenzi na kitu vimeshikana, na mtetemo wa mikono hauna nafasi. Sogeza kitu taratibu kutoka mbali kuja karibu mpaka kiwe wazi. Macho yote mawili yabaki wazi. Siku za kwanza jicho la pembeni litasumbua, kisha ubongo utalipuuza. Ukifumba moja kwa nguvu, uso na jicho vinachoka.

Ukaribu huo na jicho ni muhimu kwa sababu lenzi ndogo ni sawa na tundu la ufunguo. Ukiwa mbali nalo unaona kipande cha ukuta. Ukibandika jicho, unaona chumba.

Jambo la kuzoea ni kwamba kwa mara 10 tabaka linaloonekana wazi ni jembamba, pungufu ya milimita moja. Mdudu mwenye mgongo uliovimba hataonekana mzima kwa mara moja. Utaona mgongo, kisha ukimsogeza kidogo utaona miguu. Usitafute lenzi nyingine, sogeza mkono.

Mwanga

Watu hulaumu lenzi kwa kosa la mwanga. Ukiinama karibu, kichwa chako kinakuwa kivuli. Geuka mpaka dirisha au taa iwe pembeni, ikipiga kitu kwa mshazari wa chini, na kila kinundu kitatupa kivuli chake: nyuzi za khanga, mikwaruzo kwenye pete, maandishi yaliyofutika kwenye sarafu ya zamani. Kwa jani, fanya kinyume. Linyanyue mbele ya anga angavu, mwanga upite kutoka nyuma, na mishipa yake itatokea hadi midogo kabisa. Tochi ya simu inatosha usiku, ilimradi isipige jichoni.

Vitu vya kuanzia

Anza na chumvi ya mezani, punje chache juu ya karatasi nyeusi. Nyingi ni michemraba yenye pembe safi, kwa sababu chembe za ndani zimejipanga hivyo. Picha ya rangi kwenye gazeti nayo itakuonyesha kwamba haina uso wala anga, ni vitone vya rangi nne: samawati, zambarau-nyekundu, njano na nyeusi.

Kioo cha simu kinastahili muda zaidi. Fungua ukurasa mweupe kabisa, ongeza mwanga, weka lenzi ya 10x karibu. Weupe hautauona. Utaona safu za vijinukta vyekundu, kijani na buluu, vimepangwa kwa ustadi, na nafasi nyeusi kati yake. Badilisha ukurasa uwe wa njano: buluu zinazimika, nyekundu na kijani zinabaki. Njano uliyokuwa ukiiona kwa mbali imetengenezwa kichwani mwako. Ondoa lenzi, na rangi tatu zinayeyuka na kuwa moja, kwa sababu jicho lako peke yake linashindwa kutenganisha nukta zilizokaribiana hivyo. Jicho zuri likiwa sm 25 hutenganisha nukta zilizoachana kwa takribani mm 0.07. Zikikaribiana zaidi ya hapo, mbili zinakuwa moja.

Shambani ndiko lenzi inakorudisha gharama yake. Chukua muhogo wenye majani machanga yaliyopata madoa ya njano. Madoa hayo yanaweza kuwa batobato, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na nzi weupe, au yakawa kazi ya utitiri wa kijani, aliyetoka Amerika ya Kusini na kuonekana Uganda mwaka 1971 kabla ya kuenea katika nchi nyingi za Afrika zinazolima muhogo. Tiba ya kimoja haisaidii kingine. Chuma jani changa la juu kabisa, lipindue, tazama upande wa chini kandokando ya mishipa. Utitiri hauzidi nusu milimita, rangi yake ya kijani inafanana na jani, na kwa macho matupu utadhani ni vumbi. Chini ya lenzi vumbi linatembea, na mkubwa wake ana miguu minane. Hesabu miguu kwa subira, kwa sababu vidukari wana sita, pamoja na vijibomba viwili nyuma ya tumbo. Ukikuta jani limepinda na kuchanganyika rangi bila mdudu yeyote anayetembea, fikiria batobato, na kagua majani mengine kutafuta nzi weupe. Shamba moja linaweza kuwa na vyote viwili, kwa hiyo kagua mimea kadhaa.

Kwenye mahindi, mtazame kiwavi usoni. Kiwavijeshi vamizi ana alama ya Y iliyopinduliwa kichwani, na madoa manne meusi yaliyopangwa kama mraba karibu na mkia. Kwa kiwavi mkubwa macho yanatosha; kwa mdogo utahitaji lenzi, na ni akiwa mdogo ndipo dawa humpata.

Lenzi ya tone la maji

Toboa tundu safi la mm 3 kwenye kipande cha plastiki ngumu au bati jembamba. Paka mafuta ya mgando kidogo kuzunguka tundu, kisha dondoshea tone moja la maji lijae ndani na kuvimba pande zote mbili. Lete tundu karibu kabisa na jicho, na kitu kije karibu kabisa na tone, milimita chache tu. Tone hili linaweza kukuza makumi ya mara, ingawa picha safi iko katikati peke yake na kingo zake ni za kuhangaika.

Kadiri lenzi inavyokuwa ndogo na ya duara zaidi, fokasi yake inafupika na ukuzaji unapanda. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, aliipeleka kanuni hiyo mbali kuliko mtu yeyote wa zama zake. Wauza vitambaa walitumia lenzi kuhesabu nyuzi. Yeye akaanza kujitengenezea vilenzi vidogo kama punje ya mtama au pungufu, akavibana kati ya vibati viwili vya chuma. Kimojawapo, kilichohifadhiwa Utrecht, kinakuza takribani mara 270, na fokasi yake ni pungufu kidogo ya mm 1. Kwa vioo vya kukuzia vya lenzi moja, bila hadubini ya lenzi nyingi, katika miaka ya 1670 aliona viumbe hai ndani ya tone la maji, vikiwemo bakteria.

Utunzaji

Puliza vumbi kwanza, kisha ndipo ufute kwa kitambaa laini cha pamba chenye maji kidogo ya sabuni. Ukianza kufuta kavu, vumbi lenyewe ndilo linalokwaruza, hasa lenzi za plastiki. Usiache lenzi dirishani wala kwenye dashibodi ya gari: jua likipita hapo linaweza kuunguza kitambaa au kuwasha karatasi. Na mtoto aambiwe waziwazi, kabla ya kupewa lenzi, kwamba kulitazama jua kupitia humo kunaunguza retina bila maumivu yoyote ya kumwonya.

Mahali lenzi inapoishia

Kwa mara 10, kile kikomo cha mm 0.07 kinashuka, kwa hesabu, hadi mm 0.007. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mm 0.007 hadi 0.008, yaani iko ukingoni kabisa, na kwa mkono wa kawaida hutaiona. Kimelea cha malaria kinakaa ndani ya chembe hiyo. Kwa hiyo maabara ya zahanati hutumia hadubini inayokuza mara 1,000. Ndani yake lenzi ya chini, iliyokaribia kugusa kioo chenye damu, inatengeneza taswira halisi iliyokuzwa mara 100 na kupinduliwa, kama ule mti kwenye karatasi yako. Lenzi ya juu, ile anayoiwekea jicho mtaalamu wa maabara, ni kioo cha kukuzia cha 10x kinachoitazama taswira hiyo.